Siku Eliza Aliponyoosha Mkono

Mwanangu Mwamini,

Salamu tumeshapeana tangu asubuhi, na kesho utanipa shikamoo nyingine kabla basi halijaondoka, kwa hiyo naziruka. Mama yako naye ameshamaliza ya kwake: maji uchemshe, neti usiisahau, na usimwamini mwenye nyumba anayecheka sana. Hapo sina la kuongeza. Nimekaa na karatasi hizi kwa sababu wiki iliyopita uliniuliza jambo nikakujibu kijinga, na sitaki uende Sumbawanga na jibu lile.

Uliingia umefurahi, viatu hata hujavua. Ukasema, "Baba, wamenipa kuendesha vikao vya kujifunza pamoja, vya timu za zahanati na hospitali. Kama vile vyako. Nifundishe mlivyofanya." Nikakwambia, "Kauze vitenge Mwanga, utalala usingizi." Ukacheka, ukidhani natania. Kisha ukaniangalia usoni, ukatoka. Tangu hapo tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Sikuwa natania, Mwamini. Lakini hukuuliza kama kazi ni nzuri au mbaya, uliuliza tulifanyaje. Hilo naweza kukueleza. Marehemu dada yako Hadija yumo humu ndani, na ndiyo maana nimeshindwa kukueleza kwa mdomo. Wakati ule ulikuwa chuoni Tabora. Ulikuja ukakuta tumeshazika, ukaambiwa ametokwa na damu baada ya kujifungua, ukalia, ukarudi chuoni. Ni kweli alitokwa na damu. Ila kuna yaliyotangulia.

Unakumbuka nilivyokuwa tabibu pale zahanati ya Ujiji, kabla hawajaniita kwenye mradi. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi kambini miaka ile, na wengine bado wanaingia, akina mama wenye mimba waliotembea porini. Wakijifungua, walikuwa wanakufa. Wa kwetu wa vijijini nao walikuwa wanakufa, tena kwa jambo lile lile: mtoto anazaliwa salama, watu wanashangilia, mama anaanza kuvuja. Waliotuita wakasema tusianze na semina za kufundishana, kwa sababu kila mkunga anajua la kufanya damu inapotoka. Tukusanye timu. Moja ya kambini, mbili za zahanati za vijiji vilivyo kando ya barabara ya kambi, na moja ya wodi ya wazazi ya hospitali ya mjini. Kila baada ya miezi michache tukutane ukumbini Mwanga, kila timu iseme imejaribu nini, kimefaa nini na kimeshindikana nini, wenzao wasikie, waende wakajaribu, warudi. Mimi niwe mwezeshaji. Nilijiona nimepanda cheo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa zawadi. Nilitaka watu wachangamke, basi nikanunua chupa ya chai, ile kubwa yenye maua, nikatangaza kwamba timu itakayoleta matokeo mazuri kuliko wenzake itaondoka nayo. Ukijua binadamu hutashangaa. Kikao kilichofuata kila mtu alikuja na grafu inayoshuka vizuri kama mteremko wa Gungu. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyechelewa. Timu ya kambini ikachukua chupa, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba hawa watu wanajifunza haraka kuliko nilivyotegemea.

Kiongozi wa timu ile aliitwa Spesioza, sisi tukimwita Spesi. Alikuwa mkunga kwao kabla hajakimbia, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, Kiswahili chake kimechanganyika na Kirundi. Waha wa zahanati za vijijini walimwelewa bila taabu, lugha zao ni ndugu. Wa hospitali walikuwa wanajifanya hawamsikii. Mkuu wa wodi ya hospitali alikuwa Bi Tunu, mtoto wa Ujiji kabisa, unamjua, yule aliyekuwa akikubetulia mdomo ukipita bila kumwamkia. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu na ulimi wake ulikuwa wembe. Ukumbini alikaa meza ya mbele na watu wake, wa kambini wakakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na mimi sikuona kuwa hilo lina maana yoyote.

Kikao cha tatu, kabla sijafungua hata kwa dua, Spesi akasimama, akatembea mpaka mbele, akaiweka ile chupa ya chai juu ya meza yangu.

"Mzee Ramadhani, chukua chupa yako. Hatukuistahili."

Nikamuuliza kwa nini. Akageuka akawatazama wote.

"Mwezi ule tuliopewa hii, mzazi mmoja alitufia njiani. Hatukumwandika kwetu kwa sababu alifia ndani ya gari, na nyie hamkumwandika kwenu kwa sababu hakufika. Tulimshikilia kambini mpaka kukapambazuka. Gari lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Tuliogopa kumleta."

Bi Tunu akauliza, "Mliogopa nini, barabara?"

"Tulikuogopa wewe."

Nje mafundi cherehani walikuwa wanacheka na redio, na mimi nilitamani mmoja wao aingie aulize chochote. Spesi hakukaa chini. Akaendelea kwa sauti ile ile ya upole: "Mara ya mwisho nilipokuletea umuvyeyi, mama wa watu, ulinambia mbele ya mume wake kwamba sisi wakimbizi tunawaletea maiti ili nyie ndio muandike. Wasichana wangu walikuwepo, walisikia. Tangu siku ile, damu ikianza, kwanza wanaangaliana wao kwa wao."

Bi Tunu alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Nikajua vikao vimekufa. Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, wanakopika, amekaa kwenye kigoda cha mpishi anatazama sufuria.

"Ramadhani," akasema, "maneno yale niliyasema. Na yule mama nilimtundikia damu nikamponya. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikajiona nilikuwa na haki ya kuyasema."

Sikumjibu. Hiyo ndiyo bahati iliyotuokoa siku ile, kwa sababu ningesema neno lolote la hekima angeondoka. Akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akasema, "Nataka kuona wanakozalishia."

Tukaenda. Si yeye peke yake, wote. Badala ya kuendelea na kikao ukumbini tulipanda magari mawili tukaifuata barabara ile ile wanayopitishwa wagonjwa, kwa mwendo ule ule. Bi Tunu alitapika mara mbili kwa mashimo na vumbi. Kambini Spesi akamtembeza kwenye wodi, ambayo ilikuwa hema refu na vitanda, na taa moja ya kutundika.

"Mnashona kwa taa hii?" Bi Tunu akamuuliza.

"Ego." Ndiyo.

"Na mvua ikinyesha?"

"Tunashona."

Bi Tunu akakaa juu ya kitanda kitupu. Akamwita Spesi "mwanangu," ingawa walikuwa karibu umri mmoja, na wakaanza kuongea mambo yao ya kazi, ya mikono na nyuzi na damu, kama watu waliosoma darasa moja. Wengine wakawazunguka. Nilisimama kando nikasikiliza. Jambo jema kuliko yote niliyowahi kuyafanya katika kazi ile lilikuwa hilo la kunyamaza, na sikujua kwamba nimelifanya.

Walikubaliana kitu kidogo sana. Kwamba damu ikitoka kuliko kawaida, mkunga apige simu mjini papo hapo, asisubiri uhakika. Na anayepokea mjini, neno lake la kwanza liwe "Mleteni." Maswali yote, kwa nini, tangu lini, mmempa nini, yaje baada ya neno hilo. Basi. Hakukuwa na mashine mpya wala dawa mpya. Zahanati za vijijini nazo zikachukua utaratibu ule, na vikao vilivyofuata kila timu ilileta hadithi ya mzazi wake aliyefika akiwa hai. Msimu wa mvua ukapita, kiangazi kikapita, tukawa tunaulizana kwa hofu kama kuna aliyefia kwenye ile barabara, na jibu likawa hakuna. Siku moja Bi Tunu alimletea Spesi kapu la samaki aina ya migebuka na chupa ya mawese. Spesi akalia mbele za watu.

Ningetaka niishie hapo. Kama ningekufundisha kwa mdomo, ningeishia hapo, nawe ungekwenda Sumbawanga na hadithi nzuri. Mimi mwenyewe niliisimulia sana. Niliitwa mikoa mingine kuisimulia, nikalala hoteli, nikavalishwa kadi shingoni. Kadiri nilivyoisimulia ndivyo ilivyozidi kuwa laini. Ile sehemu ya "tulikuogopa wewe" niliifupisha, halafu nikaiacha kabisa, maana wakubwa walikuwa wakijikunyata wakiisikia. Ikabaki simu na neno "Mleteni," tukalichapisha kwenye mabango.

Wakati huohuo watu walikuwa wanaondoka. Wakimbizi walianza kurudishwa kwao. Sisi wa mjini tulikuwa tunaona mabasi tu, lakini kila basi lilikuwa na mtu aliyejua kitu. Spesi alikuja kuniaga pale nyumbani Rusimbi, mama yako akampikia. Akasema, "Mzee, wanaobaki ni watoto. Wafundisheni upya, msidhani wanajua." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, utaratibu upo. Nilisema hivyo, "utaratibu upo," nikimwonyesha bango nililokuwa nimeliviringisha pembeni ya kabati. Alilitazama, akanipa mkono, akaondoka. Namba yake ya simu ilikaa muda ikaita, halafu ikaacha kuita.

Bi Tunu alistaafu mwaka uliofuata, akahamia Gungu kwa mwanawe, miguu imevimba. Akaja mkuu mwingine wa wodi, mtu mwenye bidii, aliyekuta kazi nyingi na watumishi wachache. Sitamsema vibaya. Hakuwahi kutapika kwenye ile barabara, ni hilo tu. Kwenye zahanati za vijijini karibu wote wakawa wapya. Vikao viliendelea, chai na chapati zile zile, ukumbi ule ule. Sisi wakongwe, wachache tuliobaki, tukawa tunakaa mbele tunasimulia tulikotoka. Wapya wanaandika. Ilikuwa kama hitima, Mwamini, tunamsomea marehemu ambaye hatujakiri kuwa amekufa.

Katika kikao kimojawapo cha namna hiyo msichana mmoja akanyoosha mkono. Eliza, muuguzi mkunga, Muha wa upande wa Kasulu, alikuwa na miezi michache tu kazini kwenye zahanati ya kijiji anakofundisha shemeji yako Yusufu, mume wa Hadija. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa maelezo yangu. Watu wameshasikia harufu ya chai.

"Samahani Mzee," akasema. "Na kama ukipiga simu wakakufokea?"

Nikatabasamu. "Hilo tulishalimaliza zamani, binti. Siku hizi hakuna anayefoka."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile cha kumcheka mgeni asiyejua mila. Mmoja wa wakongwe akasema, "Huyo hajaifahamu Kigoma yetu." Eliza naye akacheka kidogo, akakaa. Tukaenda kunywa chai.

Mwezi haukwisha. Hadija alikuwa amefikisha siku zake. Mama yako alitaka aje kujifungulia hapa nyumbani, na mimi ndiye niliyesema hapana, akae na mumewe, zahanati ya pale iko kwenye mpango wetu, ni sehemu salama. Niliyasema hayo nikijivuna. Mama yako hajawahi kunirudishia maneno yale. Kuna siku naona yamemjaa mdomoni, kisha anaenda kuchochea moto.

Yaliyotokea zahanati amenieleza Yusufu, na baadaye akanieleza Eliza mwenyewe, na maelezo yao hayapishani. Hadija alijifungua mchana vizuri, mtoto wa kiume akalia, Yusufu akatoka nje kuwaambia walimu wenzake. Aliporudi akakuta Eliza amebadilika uso. Damu. Alimpa sindano, akamsugua tumbo, akamwekea dripu. Mwanamke yule hakukosea hata kitu kimoja kwa mikono yake. Yusufu akamwambia, "Dada, piga simu mjini." Eliza alikuwa ameshaishika simu.

"Tusubiri kidogo shemeji, naona inapungua."

Yusufu anasema Eliza alikuwa akiiangalia simu, anaiweka, anaichukua. Hadija alimuuliza, "Mbona hampigi?" Ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Yusufu anayakumbuka. Si ya kuaga, wala hakumtaja mtoto. Ni swali lile tu.

Eliza akapiga damu ilipokuwa imeshalowanisha godoro. Sauti ya mjini ikajibu, "Mlikuwa wapi muda wote huo?" Halafu maswali, mengi. Mwishoni kabisa, ndiyo, mleteni. Gari likatoka. Barabara unaijua. Mvua ilikuwa imekata sehemu, dereva ikabidi azunguke. Hadija hakufika.

Yusufu aliponipigia nilikuwa nakula. Nilikuwa nimeshika tonge. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Eliza alikuja msibani. Alijifunika khanga, akakaa na akina mama pale uani, hakuna aliyemjua. Watu walipopungua akaomba kuniona. Nilimtoa nje ya uzio. Nilidhani amekuja kuomba msamaha, nikawa nimetayarisha la kumjibu, kwamba ni mapenzi ya Mungu.

"Mzee," akasema, "nilikuuliza siku ile ukumbini."

"Nakumbuka."

"Wiki ile nilikuwa nimepiga simu kwa ajili ya mzazi mwingine. Nilifokewa mpaka nikashika ukuta. Nikaambiwa nimekimbilia kupiga, sijui kazi. Yule mzazi alipona, sikumpeleka. Nikaja kikaoni niseme. Uliposema hakuna anayefoka, na watu wote wakacheka, nikajua kumbe ni mimi peke yangu ninayefokewa. Nikajua basi tatizo ni mimi."

Hakuwa ananilaumu, Mwamini. Afadhali angenilaumu. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayetoa taarifa ya zamu. Akaongeza, "Nilitaka nipige nikiwa na uhakika. Ili wasiseme tena sijui kazi." Halafu akakaa chini kwenye mchanga, nami nikakaa. Yale maneno ya mapenzi ya Mungu sikuyatoa. Mpaka leo sijamjibu.

Labda unajiuliza kama nilijaribu kurekebisha. Nilijaribu. Baada ya arobaini niliitisha kikao kimoja zaidi. Nilipanga nisimame nieleze kila kitu, kicheko chetu, jibu langu, halafu niwaulize nani mwingine anafokewa. Nikasimama nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kulia. Ukumbi mzima ukaanza kunipa pole. Walinijia mezani mmoja mmoja, mikono miwili, pole Mzee, pole sana. Nikauliza, "Je, wengine hamfokewi?" Wakainamisha vichwa kwa heshima ya msiba wangu. Nani angemlalamikia mkuu wa wodi mbele ya mzee anayelia? Mkuu wa wodi mwenyewe alinishika bega wakati wa chai. "Kazi ya Mungu, Mzee." Na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. Pole zilifunika kila kitu. Sikuitisha kingine. Mradi nao ulikuwa unafungwa, kwa hiyo hakuna hata aliyeuliza nimeishia wapi.

Bi Tunu nilikwenda kumsalimia Gungu mwezi uliopita. Hawezi kusimama sasa. Akaniuliza kama anavyoniuliza kila nikienda, "Wale wasichana wangu bado wanasema Mleteni?" Nikamwambia wanasema. Akafumba macho akaitikia kwa kichwa. Naye alinidanganya vile vile aliponiambia kwamba miguu inapata nafuu, kwa hiyo tuko sawa.

Na Eliza bado yuko zahanati ile. Yusufu ananiambia. Siku hizi anapiga simu kwa kila mzazi, hata damu ikiwa ya kawaida, hata kabla haijatoka. Hataki tena kubahatisha. Mjini wamemchoka. Wakiona namba yake wanaiacha iite. Nilipolisikia hilo, Mwamini, nililala kitandani mchana kutwa, mama yako akadhani ni malaria.

Sasa unaona kwa nini nilikutuma ukauze vitenge. Nilichojifunza sikijui kukifungasha ukakitia kwenye begi. Nilidhani tulichopata kilikuwa simu na neno moja. Kumbe tulikuwa na watu kadhaa waliowahi kuona aibu pamoja, na walipotawanyika kikatawanyika nacho. Hakirithishwi. Watakaokuja kwako watakuwa hawajamsikia Spesi, na ukiwasimulia kuhusu Spesi watapiga makofi, na hapo ndipo utakapowapoteza. Itabidi waaibike wao wenyewe, upya, kila wanapobadilika, na watabadilika kila mwaka. Sijui mtu anafanyaje kazi kama hiyo bila kuchoka. Mimi nilichoka, na sikujua nimechoka. Nilidhani nimefaulu.

Hutaniona nikikuzuia. Mama yako amenikanya, na hata asingenikanya, nilikuona jana umembeba mgongoni yule mtoto wa Hadija, unamwambia mama mdogo anakwenda kazini na atarudi, naye anakuuliza kazi gani. Ukamwambia, "Kuwasikiliza watu." Hukusema kuwafundisha. Nilikuwa uani, nilisikia. Sitajenga juu ya neno hilo nyumba ya matumaini, nimeshajenga nyumba za namna hiyo. Nimelisikia tu.

Kuna mtu atanyoosha mkono, Mwamini. Pengine mwishoni, wakati wote wamechoka, na swali lake litaonekana la kijinga, au ni jambo ambalo wewe mwenyewe umelieleza nusu saa iliyopita. Sijui utamjibu nini. Ningekuwa najua ningekuandikia. Ninachojua ni kwamba wakicheka, uwaangalie wanaocheka, na usinywe chai siku hiyo mpaka umekaa naye peke yenu akakwambia kwa nini aliuliza.

Utakapoanza, usiniandikie habari za mafanikio. Nimeshiba mafanikio, niliyala miaka mingi. Niandikie ulichoulizwa ukakijibu vibaya. Andika jina la aliyeuliza. Kama utakuwa umemrudia, niambie. Kama hukumrudia, niambie vile vile, hata kama umechelewa na mtu ameshazikwa, usione haya kwangu. Mimi ni baba yako na siwezi kukucheka.

Ramadhani, baba yako,
Rusimbi